Njia Iliyojitandika

Hii hutaiamini, na sitakulaumu, lakini imetokea. Majirani wote wapo, waulize.

Jumatatu, saa moja kasoro robo asubuhi, fundi cherehani alimkalisha baba yake kwenye kiti cha magurudumu, akamfunika miguu kwa kitambaa kilichobaki kwenye gauni la mteja, wakatoka. Mzee anasafishwa damu hospitali mara tatu kwa wiki. Mashine ziko nne tu. Saa mbili ikikukuta hujafika, analazwa mwingine mahali pako, nawe urudi nyumbani na sumu yako mwilini. Mwezi ule walishachelewa mara mbili, na uso wa mzee ulikuwa umeumuka kama unga uliotiwa hamira.

Hospitali si mbali. Shida ni barabara kuu: magari njia sita, na pembeni mtaro na mchanga unaomeza magurudumu. Ijumaa iliyotangulia, watu wa mipango ya jiji walipita na fomu wakiuliza wananchi wanataka usafiri gani utangulizwe miaka ishirini ijayo. Fundi aliandika njia ya miguu, kiti cha baba kipite. Palipoandikwa "aina ya gari lako" akapaacha wazi.

Basi walipofika mwisho wa uchochoro, njia ikajitandika. Vitofali vya kijivu, vimepangwa vizuri, vikatangulia mbele ya kiti na kujikunja nyuma yake. Kwenye barabara kuu njia ikainuka taratibu, ikapita juu ya magari, na vyuma vya kushikilia pembeni.

Mzee aliendesha basi miaka thelathini. Akasikiliza magurudumu kidogo.

"Dereva, leo mbona haturushwi?"

"Barabara nzuri, baba."

"Tia gia basi. Ila usiovateki."

Saa moja na nusu walikuwa mlangoni. Fundi aliinama akapangusa mchanga kwenye vitofali kwa kiganja, akasema asante, kama unavyomshukuru mtu aliyekupokea mzigo. Baada ya wiki mbili uvimbe ulishuka, mzee akaanza kuwachokoza manesi. Fundi hakuacha kushukuru hata siku moja.

Majirani nao wakawa wanasubiri uchochoroni, maana njia hutoka na kiti tu. Muuza maji alikuja na mkokoteni wake, na mama mmoja mjamzito akapewa nafasi ya mbele. Wenye safari za mchana waliendelea kuruka mtaro.

Siku moja akaja karani wa mipango, viatu vimejaa mchanga. Alipanda njia pamoja nao, akapima upana wake, akaandika. Kisha akaeleza kwa upole kwamba maoni yameshahesabiwa na kipaumbele kimetoka: barabara ya juu, ya magari.

Fundi akauliza imekuwaje, wakati uchochoro mzima uliomba pa kupita kwa miguu.

"Aliyeacha wazi pale pa gari tumemwandika hasafiri, dada. Na asiyesafiri hahesabiwi. Fomu ndiyo ilivyo. Hata mimi nilipaacha wazi."

"Miaka thelathini nimeshika usukani," mzee akasema, "kumbe nilikuwa nimekaa nyumbani."

Karani akacheka, akatoa karatasi na kalamu. Fundi akisaini kwamba mtaa umeshapata njia, hii itasajiliwa na mafundi wa barabara ya juu hawataigusa. Ila ombi la mtaa litafungwa, wa mchana wasitarajie kitu. Asiposaini, ombi litabaki wazi, lakini nguzo zikija, yeye karani haahidi lolote.

Walikuwa juu kabisa, magari yakipita chini. Saa ilikuwa moja na nusu.

Fundi alimrudishia kalamu, akamwambia ampishe, anawahi mashine.

Nguzo zimeanza kusimikwa. Njia bado inajitandika, inazizunguka bila matatizo, na mzee amenawiri. Ombi liko wazi mpaka leo, halijajibiwa, na kwenye daftari la jiji fundi bado hasafiri.

Sasa niambie kweli: kalamu unayo mkononi, baba yako yuko kwenye kiti. Ungesaini?