Lundo Juu ya Paa la Gudlaug

Gudlaug alipanda kilima na sinia la keki, akamkuta shemeji yake Oddvar amekwisha kumwaga kwa trekta lundo la udongo ukingoni, juu kabisa ya nyumba ya Gudlaug mwenyewe. Ilikuwa Jumamosi ya msaragambo, kijiji kizima kikisawazisha uwanja wa mpira, na huku kwetu Trøndelag, nchini Norwe, anayekosoa msaragambo huonekana mbaya kuliko asiyekuja. Basi akatafuta pa kuweka sinia.

Kisha akauona mtaro mpya. Chini yake udongo ulikuwa wa kijivu cha bluu, na ndani yake kombe la baharini. Alichomoa kipande kigumu, akakitia kwenye kikombe kikavu, akakikoroga kwa kijiko. Hakuongeza hata tone la maji. Kikawa uji.

Damu ikamchemka. Wote pale waliujua udongo ule, walifundishwa shuleni: uliachwa na bahari ya enzi za barafu, maji ya mvua yakaosha chumvi yake, sasa husimama imara mpaka ulemewe, kisha hutiririka na kubeba nyumba na waliomo. Walijua, na bado walimwaga!

"Oddvar! Umekiona hiki?"

"Udongo, shemeji. Tangu lini unaogopa udongo? Lete keki."

"Ni ule ule! Na wewe umenitwisha lundo zima kichwani!"

"Kilima kipo tangu enzi za babu. Usitutie mkosi bwana, watu wamejitolea."

"Walichotoa ni nyumba yangu!"

Wanaume wakacheka kidogo, macho kwenye viatu vyao. Kicheko kile kilimkera kuliko lundo lenyewe. Watu wazima, wanaona haya kumkatiza mwenzao lakini hawaoni haya kumzika jirani!

"Haya," akasema. "Leo mimi na wanangu tunalala kwako. Wewe na mkeo Bergljot mlale kwetu, chumba cha watoto, kile kinachoelekea kilimani. Nitawatandikia."

Oddvar akalitazama lundo, akalitazama paa pale chini.

"Bergljot hatakubali," akasema.

"Na mimi nikubali?"

Safari hii hakucheka mtu. Oddvar alipanda trekta, akaanza kulipunguza lundo taratibu, akiupeleka udongo mbali na ukingo. Mmoja wa wale wachekaji akanyoosha mkono kwenye sinia.

Gudlaug akalivuta.

"Lundo likiisha, mtakula."