Bila Kukaa na Mwenye Nyumba

Nyumba waliyopanga hapo Saigon iliuzwa, na Thoa alipewa hadi mwisho wa mwezi kutafuta chumba kingine. Asipopata panapofaa, mama yake, Bi Lựu, angepandishwa treni kwenda kwa mjomba huko kwao Nam Định, mbali kaskazini. Macho ya mama yalikuwa yamefifia, na hakuweza tena kuachwa peke yake mchana kutwa Thoa akiwa kiwandani. Mama hakulalamika. Alisali rozari yake tu, na Thoa alijua anaombea nini, maana naye aliomba hilohilo.

Jumapili baada ya misa walikaa mezani, simu katikati yao. Kufikia hapo Thoa alizijua huduma tatu za mtandaoni za kutafutia vyumba kama mtu anavyowajua majirani zake. Ya kwanza ilijaa picha za kupendeza, lakini ukipiga unaambiwa, "Kimechukuliwa asubuhi hii, dada, ila ninacho kingine." Vyumba hewa. Ya pili ilikuwa ya madalali. Gusa tangazo moja, simu haipumui tena. Ya tatu, ya watu wa mitaa ya huko huko, picha zake zilikuwa giza tupu na maneno yameandikwa ovyo, ila aliyepokea simu ndiye aliyeshika ufunguo.

"Basi hiyo ya tatu ina kasoro gani?" mama aliuliza.

"Kila nikitafuta inaniambia hakuna."

"Unaiambia unataka nini?"

Thoa akamsomea alichochagua: chumba cha chini, karibu na kanisa, bila kukaa na mwenye nyumba.

"Hilo la mwisho nani kakuambia uliweke?"

"Kila mtu analiweka, mama. Nani anataka kukaa na mwenye nyumba? Umerudi saa ngapi, yule uliyekuja naye nani, mbona unaoga sana."

Bi Lựu alikipapasa kikombe chake cha chai. "Wewe umechoka kuulizwa, mwanangu. Mimi nashinda kutwa siulizwi kitu."

Thoa akaivuta simu. Wiki zote hizo alikuwa akimtafutia mama chumba kwa macho ya msichana anayetaka kuishi peke yake. Akaiondoa kwa kidole alama ya sharti lile la mwisho, na vyumba ambavyo hakuwahi kuviona vikajitokeza.

Alasiri walikuwa kwa Bi Sáu, mjane mwenye sauti nene, aliyekuwa akichemsha samaki mlangoni.

"Nawaambia mapema," alisema, "mimi nauliza maswali. Mpangaji wa mwisho alihama kwa hilo."

"Unauliza nini?" akasema Bi Lựu.

"Kama umekula. Hujala?"

"Bado."

"Basi kaa."

Bi Lựu akaonja, akakunja uso. "Mbona umetia sukari?"

"Ninyi wa kaskazini mnakula chumvi tupu, ndiyo maana mmekonda."

"Samaki si peremende, dada yangu."

"Kesho pika wewe, tuone."

Simu ya Thoa ikalia. Alikuwa mjomba, akiuliza kama akate tiketi.

Thoa alimtazama mama yake, aliyekuwa tayari akinyoosha mkono kuomba mchuzi wa samaki wenye chumvi.

"Usikate, mjomba," alisema. "Mama amepata mtu wa kubishana naye."