Mlango wa Kijani Katika Ukumbi wa Mafunzo

Mafunzo endelevu ya wasaidizi wa kisheria yalianza Jumatano saa mbili na nusu asubuhi, kwa orodha ya mahudhurio na kikombe cha chai. Ukumbi ulikuwa ghorofa ya pili, katika jengo ambalo lifti yake ilikuwa imeharibika. Kulikuwa na viti arobaini vya plastiki, na projekta iliyoonyesha kila ukurasa ukiwa umeinama kidogo upande wa kushoto. Aliyehudhuria siku zote mbili angepata pointi kumi na mbili. Asiyezifikisha hangehuishiwa cheti chake, na asiye na cheti hakuwa na kazi.

Kwenye mstari wa kumi na tisa alisaini msichana ambaye ofisini kwao aliitwa Kitinda, kwa kuwa ndiye aliyeajiriwa wa mwisho. Miaka minne ilikuwa imepita, na jina lilikuwa bado halijambanduka. Kando yake aliketi msaidizi wa ofisi nyingine, mwanamume wa makamo aliyeitwa Stepla kwa mazoea yake ya kubana kila karatasi mara mbili.

Mkufunzi alikuwa karani mstaafu wa mahakama, mama mnene mwenye sauti ya chini. Saa nne kasoro robo alifika kwenye somo la tatu, kupeleka wito wa mahakama. Alisoma kifungu polepole. Mpelekaji ataufikia mlango wa mwenye kuitwa, atabisha hodi, na kumkabidhi wito mkononi. Kisha ataapa kwa maandishi kwamba amefanya hivyo.

"Hati ya kiapo si barua ya mapenzi," alisema. "Humo huandiki unavyotamani mambo yawe."

Watu walicheka. Alipofunga kitabu, milango ilitokea kwenye ukuta wa nyuma.

Haikupiga kelele. Ilitokea kama doa la maji linavyotokea darini, kwanza kivuli, halafu mbao, bawaba na vitasa. Mkufunzi aliihesabu kwa ncha ya kalamu.

"Kumi na saba. Mwaka jana ilikuwa kumi na miwili. Wenye milango wasogeze viti nyuma, kila mtu akae karibu na wa kwake. Msizibe njia ya dharura."

Kitinda aliutambua wake ingawa hakuwahi kuuona. Ulikuwa wa kijani, rangi imebanduka chini, na namba 43 imeandikwa kwa brashi. Kuhusu namba hakuwa na neno, kwani ilikuwa kwenye wito. Kijani alikibuni yeye. Ofisini kwao walijua kwamba hati ikitaja rangi ya mlango, hakimu haulizi zaidi, na alipoandika hati yake alichagua kijani kwa sababu faili lililokuwa mbele yake lilikuwa la kijani.

Siku hiyo wakili wake alikuwa amempa miito kumi na nne ya kupeleka kabla ya jioni. Alipeleka kumi na tatu. Kuhusu mmoja uliobaki, wakili alimwambia, "Malizia mezani." Ndivyo walivyoita kuapa bila kwenda. Kitinda akaketi, akaandika kwamba alibisha hodi mara tatu kwenye mlango wa kijani, akampa wito mwanamke mtu mzima, naye akakataa kusaini. Mwanamke huyo alikuwa mjane. Shemeji yake alimshtaki akidai nyumba aliyoachiwa na mumewe. Kwa kuwa hakuitwa, hakufika mahakamani, na hukumu ikatolewa kwa kusikiliza upande mmoja. Barua ya kumwagiza dalali wa mahakama amtoe ndani Ijumaa ya wiki hii saa tatu asubuhi, Kitinda ndiye aliyeichapa.

"Hodi," ilisema sauti kutoka ndani ya mlango.

Mlango uligongwa tena, na tena. Mara tatu, kama alivyoapa.

"Wako unabisha," alisema Stepla. "Mimi ninayo mitatu, mmoja ni geti kabisa. Yote imenyamaza. Sijui kipi bora, dada yangu."

"Nikifungua itakuwaje?"

"Mwenyewe sijawahi kufungua. Huu ni mwaka wangu wa sita nao."

Mkufunzi aliendelea na somo la nne. Saa kumi na nusu alitangaza kwamba milango haibaki ukumbini.

Kitinda alipofika nyumbani, mlango wa kijani ulikuwa umekwisha kukaa kwenye ukuta wa sebule, kati ya kabati na dirisha. Mama yake alikuwa anakunja nguo.

"Hiki nacho umekileta cha nini?"

"Cha kazini, mama."

"Haya. Mradi kisitubane."

Walipokaa kula, sauti ikasema hodi. Mama alisubiri. Hodi ya pili ikaja, na ya tatu.

"Mwanangu, kuna mtu anabisha. Tangu lini nyumba hii mtu anabisha tunatafuna tu?"

"Nikimkaribisha ataniuliza."

"Atakuuliza nini?"

Kitinda alimweleza yote, macho yake yakiwa kwenye sahani.

"Ni mtu mzima?"

"Rika lako."

Mama alinyanyuka akazima redio, wakamaliza kula hivyo hivyo.

Alhamisi mlango ulimtangulia ukumbini. Kitinda hakusikia neno la somo la asubuhi. Kila hodi ilimpita mgongoni. Alijua akikiri atanyang'anywa cheti. Alijua pia kwamba kesho ni Ijumaa. Wakati wengine walipotoka kwenda kunywa chai, alisimama mbele ya mlango akasema, "Karibu."

Mlango ulifunguka. Mwanamke aliyefunga kitambaa kichwani aliingia, mikono yake imejaa povu la sabuni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimebisha tangu jana."

"Nilikusikia."

"Nina barua yangu kwako."

Kitinda alikuwa na nakala ya wito kwenye mkoba. Aliitoa kwa mikono miwili. Mwanamke alijifuta mikono, akavaa miwani, akaisoma taratibu hadi chini.

"Wananiita nifike tarehe sita."

"Hiyo tarehe sita ina miezi miwili tangu ipite, mama."

"Kumbe nilikuwa na zamu ya kusema," alisema mwanamke. "Mimi nilidhani hawakutaka kunisikia." Alisaini mahali pa kusaini. "Na kesho wanakuja saa ngapi?"

"Saa tatu."

"Basi ngoja nikaanue nguo."

Mchana kulikuwa na zoezi la kuandika hati ya kiapo. Kitinda aliandika ya kweli. Aliandika kwamba hakufika, hakubisha, na kijani alikibuni. Ukurasa wa kwanza aliurudia. Mkufunzi aliisoma akiwa na kalamu nyekundu.

"Hii si zoezi, mwalimu. Nataka ifike mahakamani leo."

"Ni nzuri sana. Umejieleza vizuri." Aliandika tisa juu ya kumi. "Ila hukuacha nafasi ya muhuri. Bila muhuri wa wakili wako hawaipokei."

Kitinda alikwenda ofisini kwa miguu, nusu anakimbia. Wakili wake alikuwa akisoma gazeti. Aliisoma hati hadi mwisho bila kukasirika, na hilo lilimtisha Kitinda kuliko kama angefoka. Alipokuwa akisubiri, aliuona ukuta wa nyuma ya wakili kwa mara ya kwanza. Kabati za vitabu zilikuwa zimeegemea milango. Kalenda ilikuwa imetundikwa kwenye kitasa. Milango ilikuwa imeanzia sakafuni hadi darini, mingine imelala ubavu ili itoshe, na yote ilikuwa ikibisha taratibu, kama mvua ya mbali kwenye bati. Ndipo alipoelewa kwa nini wakili huongea kwa sauti kubwa siku zote. Pale ofisini walidhani ana uziwi kidogo.

"WEWE NI MTOTO MZURI," alisema wakili. Alifungua droo, akautazama muhuri, akaifunga. "Nikigonga hapa, nigonge na ngapi nyingine? Hongera kwa kumaliza mafunzo."

Masjala ya mahakama ilikuwa karibu kufungwa. Karani aligeuza karatasi mara mbili.

"Dada, bila muhuri hii ni insha."

"Basi ipokee kama insha, kaka yangu. Nakuomba."

"Hatuna rejesta ya insha," alisema karani, kwa upole kabisa, akashusha dirisha.

Ijumaa saa tatu Kitinda na mama yake walikaa sebuleni mbele ya mlango wa kijani. Walisikia kitanda kikiburutwa, sufuria zikiwekwa chini moja moja, na dalali akisoma karatasi kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuisoma mara nyingi. Kisha kufuli ikafungwa. Kitinda alishika kitasa akavuta. Mlango ulifunguka, na nyuma yake kulikuwa na ukuta.

Cheti kilikuja wiki iliyofuata kwa tarishi, na pointi zote kumi na mbili. Chini kulikuwa na mstari wa pongezi kwa kufanya vizuri katika maadili. Mama alikitundika kwenye mlango wa kijani, kwa kuwa ukuta mwingine ulikuwa hauna msumari.

Sasa yule mwanamke huja kila jioni wakati wa kula. Anapobisha, fremu ya cheti hutikisika. Kitinda husema karibu kabla ya hodi ya pili, na mwanamke huingia na kigoda chake, hukaa karibu na mama, wakazungumza habari za magoti na za bei ya sabuni. Kabla ya kuondoka huuliza jambo moja.

"Leo tarehe ngapi, mwanangu?"

"Tarehe kumi na moja, mama."

"Sijaitwa bado?"

"Bado."

Jioni hiyo mwanamke alipokwisha kutoka, mama aliutazama mkoba wa Kitinda ulioachwa wazi kitini. Ndani kulikuwa na miito minne aliyopewa siku hiyo. Juu yake wakili alikuwa amebandika kikaratasi chenye maneno mawili: "Malizia mezani."

"Nisogeze kabati?" mama aliuliza.

"Usisogeze, mama. Nitatoka alfajiri. Nitaifikisha yote."

"Sawa, mwanangu."

Mama alisubiri Kitinda aingie kuoga. Halafu akaliegemea kabati kwa bega, akalisukuma kidogo, ukutani ikabaki nafasi ya upana wa mlango mmoja.