Pale Hapatuliwi Mzigo

Langoni mwa hifadhi kila mzigo hupimwa kabla ya kupanda mlimani. Mizani ya ndoano inaning'inia kwenye boriti, na chini yake siku ile alisimama karani mwenye soksi nene na kandambili, kwa sababu asubuhi za pale ni za baridi na viatu vyake vilikuwa kwa fundi. Mahema yakapita. Mafuta ya taa yakapita. Sufuria zikapita, na mpishi mwenyewe, mtu mnene ambaye wenzake walimwita Masufuria, akauliza kama naye aning'inie. Karani akamjibu kwamba ile mizani ni mali ya serikali. Mwisho likaja sanduku la kamera, na mpiga picha akawa ameling'ang'ania mpini kama mama anayempeleka mtoto kuchanjwa.

Ofisi ya hifadhi ilikuwa imemwajiri mwanamke huyu atengeneze kalenda ya mwaka: mandhari na wanyama, kila mwezi na picha yake. Ilimpata mjini kwa sifa ya kazi, haikumuuliza ukoo. Pale langoni aliyemjua ukoo wake alikuwa mmoja tu, kiongozi wa msafara. Wapagazi walimwita Mkuu. Yeye alimwita Baba Mdogo, kwa kuwa alikuwa mdogo wake baba yake, tumbo moja.

"Umekua," Mkuu akasema.

"Shikamoo, Baba Mdogo."

"Marahaba. Tutapita njia ya chini. Wanyama wako huko."

"Ofisi inataka kilele pia. Kilele kinaonekana kutoka ukingoni."

Mkuu akatazama mizani, ingawa haikuwa na kitu. Angeweza kumzuia, lakini kumzuia mtu kunataka sababu, na sababu aliyokuwa nayo si ya kusemwa mbele ya karani. Akafunga kamba za viatu vyake, ambazo zilikuwa zimefungwa tayari.

Mpiga picha hakuja kwa ajili ya kilele. Mwaka uliopita, akiwa kwenye foleni ya duka la dawa, aliona kalenda ya hifadhi ukutani, na nyuma ya picha ya tai, mbali, ukingoni, amesimama mtu mwenye mzigo mgongoni. Muuza dawa alisema ni jiwe. Mpiga picha alijua lile jiwe linavyosimama, guu la kushoto likiwa limetangulia kidogo. Alikuwa hajang'oa meno ya utoto baba yake alipopanda mlima na asirudi. Ilisemwa kwamba ametoroka na sanduku la kamera la wageni. Aliyesema ni mdogo wake mwenyewe, ambaye ndiye aliyeongoza msafara ule na kuwashusha wageni salama katika dhoruba, akasifiwa, akapewa ukuu wa kudumu. Tangu hapo hakuna mtu wa nyumba ile aliyepata kazi mlimani. Kaka wa mpiga picha, mwenye kifua kama mlango wa ghala, alikuwa akirudishwa kila msimu.

Wakapanda. Msituni mbega walijipanga matawini, mikia yote ikaelekea upande mmoja, akawapiga picha. Nyati mmoja alisimama njiani akiwatazama kama karani wa benki anayesubiri kitambulisho, akampiga picha naye pia. Mbuzi mawe alijitokeza juu ya mwamba, akageuza shingo kwenye mwanga bila kuombwa. Kazi ilikuwa nzuri, na kadiri ilivyokuwa nzuri ndivyo Mkuu alivyozidi kuongeza mwendo.

Wapagazi wa mlima ule wana sheria yao, nayo haijaandikwa popote. Mwenye mzigo mgongoni hatui kwa hiari yake. Husimama nao mpaka mkuu wa msafara aseme "Tueni", ndipo magoti yakunjwe, wote kwa pamoja. Inasemekana zamani mtu mmoja alitua kwa matakwa yake kwenye mteremko, na chakula cha msafara mzima kikabingirika mpaka wilaya nyingine. Huenda ni uongo. Lakini magoti ya wapagazi yaliuamini, na baada ya vizazi kadhaa hayakukunjika tena bila neno lile.

Mahali pa mwisho pa kupumzikia, Mkuu aliwakusanya.

"Mbele ni ukingo," akasema. "Pale hapatuliwi mzigo. Mtu asiniulize."

Masufuria alimnong'oneza mpiga picha kwamba ndivyo ilivyo siku zote. Ukingo ule Mkuu huupita kinywa kimefumbwa, kama aliyebeba maji mdomoni. Wageni hudhani ni heshima kwa mlima.

Baba yake alikuwa palepale. Alisimama kando ya njia, guu la kushoto limetangulia, sanduku mgongoni. Ukungu wa miti, ule wa kijani wa magomeni, ulikuwa umemwotea mabegani, na pimbi walikuwa wamezalia kati ya sanduku na kisogo chake, wakichungulia. Hakuwa amezeeka hata unywele. Wapagazi walimsalimu walipomfikia, kama mnavyomsalimu jirani kibarazani.

"Habari za hapa?"

"Nzuri. Baridi tu."

Wote walikuwa wakimjua. Hakuna aliyewahi kuwauliza habari zake, na mtu anayetaka kazi msimu ujao hajibu asichoulizwa.

Mkuu alikuwa ameshampita bila kugeuza shingo. Hapo mpiga picha akafungua miguu mitatu ya stendi na kusema kwamba anapiga kilele. Kilele kilikuwa ndani ya wingu. Akasema atasubiri kitoke. Amri ya ofisi ilikuwa wazi: msafara wa picha humngoja mpiga picha. Mkuu akasimama. Wapagazi wakasimama nyuma yake na mizigo yao, wakangoja neno.

Neno halikuja. Mpiga picha alikuwa amelitegemea hilo. Neno likitamkwa pale, baba yake naye angelisikia, na ni kauli ya mtu yuleyule aliyemtwika. Angetua. Sanduku likitua litashushwa, likishushwa litafunguliwa, na kamera za wageni zikikutwa humo zote, watu watauliza nani alisema zimeibwa. Cheo cha Mkuu kilikuwa kimesimama juu ya mabega ya kaka yake, na Mkuu alijua hivyo kuliko mtu yeyote.

Mpiga picha akaiacha kamera ikiwa wazi, akamwendea baba yake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, dada." Akamtazama vizuri. "Una pua ya mama yangu."

"Ni mimi, mwanao."

"Ala. Basi umekula chumvi, mama. Tuko karibu sawa." Akaelekeza kidevu mbele. "Na yule mzee mbele ya msafara ni nani?"

"Ni mdogo wako."

Baba akamkazia macho yule mzee, kisogo chenye mvi, mabega yaliyoshuka. "Maskini. Kapatwa na nini?"

"Miaka, baba."

"Mimi naye tulikunywa uji bakuli moja, sasa angeweza kunipiga kofi kwa kukosa adabu." Pimbi mmoja akapanda kichwani pake na kushuka. "Aliniambia nisubiri hapa anakuja. Nikajua atakuja. Mtu hasubirishi kaka yake bure."

"Tua, baba. Mimi nakwambia, tua."

"Hukunitwika wewe, mwanangu."

Mpiga picha akashika sanduku kwa mikono miwili, akalivuta, akalisukuma juu kwa bega. Halikusogea, kama vile usivyoweza kumpunguzia mlima jiwe kwa kulivuta kona. Pimbi wakalalamika. Akamwambia baba amwite mdogo wake basi, amwombe. Baba akashangaa kidogo, na ndilo jambo pekee lililomshangaza siku ile. Nyumbani yule ni mdogo wake, akasema, lakini hapa ni mkuu wake, na mkuu haitwi. Atasema akiwa tayari.

Wingu halikutoka kileleni. Lingine likaanza kupanda kutoka bondeni, jeusi kwa chini, na upepo ukageuka. Magoti ya wapagazi yakaanza kutetemeka. Sufuria mgongoni mwa Masufuria zikawa zinagongana taratibu, kwa mpigo mmoja, na sauti nyingine haikuwepo ukingoni.

"Mkuu," Masufuria akasema. "Magoti."

Mkuu akaendelea kutazama mbele.

Mpiga picha akarudi kwenye kamera, akaweka jicho. Aliweza kuwaona wote ndani ya kioo: Mkuu mbele, safu ya wapagazi iliyopinda chini ya mizigo, na mwisho wa safu baba yake, kana kwamba msafara ule ulikuwa wake. Alijua anachokifanya. Wale wengine hawakuwa na kosa, na alikuwa akiwatesa ili mtu mmoja afungue mdomo. Hakuondoa jicho.

Mpagazi wa katikati akaanza kulia bila sauti. Mwingine akaegemea mwenzake, na mwenzake akayumba kuelekea korongo.

Mkuu akageuka. Kwa mara ya kwanza akamtazama kaka yake usoni, na kaka yake akamwinamishia kichwa kwa adabu. Mkuu akafungua kinywa. Wapagazi wakakunja magoti tayari. Baba yake mpiga picha naye akakunja magoti, polepole, ukungu wa miti ukimpasuka mabegani, na pimbi wakaruka chini wakijua wanahamishwa. Mpiga picha akabonyeza.

"Twende," Mkuu akasema.

Safu ikanyooka. Baba naye akanyooka, lakini hakupiga hatua; yeye aliambiwa asubiri.

Mvua ikaanza. Mkuu akamfuata binti wa kaka yake, akasema karibu na sikio lake, kwa sauti ya huruma hasa, kwamba njia ina utelezi na sanduku la kamera ni la gharama. "Wewe subiri hapa nalo. Nakuja kukuchukua."

Mpiga picha akamtazama baba yake. Baba yake, aliyeyajua maneno yale hata kwa mbali, akatikisa kichwa kukataa.

"Nenda na wenzako, mama. Mimi nipo."

Mpiga picha akajitwika sanduku lake mwenyewe na kushuka nyuma ya safu, akiteleza, bila kugeuka. Hakugeuka kwa sababu ileile iliyomzuia baba yake mdogo kugeuka miaka yote: anayegeuka humwona anayemwacha. Hilo lilimkaa kifuani mpaka kambini, ambako Mkuu alisema "Tueni" na watu wakaanguka kama magunia.

Mpiga picha alipomkabili jikoni, mbele ya Masufuria aliyejifanya anachagua mchele, Mkuu alipuliza chai yake.

"Nilimwambia asubiri," akasema. "Kasubiri vizuri. Mimi sijamsema vibaya kwa hilo."

Kalenda ilitoka, na picha ya ukingoni ikawekwa jalada. Mhifadhi, bosi wa ofisi, aliipenda: yule mtu wa mwisho, alisema, anaonyesha ukubwa wa mlima. Mpiga picha akamweleza mtu huyo ni nani na mgongoni ana nini. Mhifadhi alisikiliza mpaka mwisho, akamwagizia chai. Akamwambia kwamba shauri lile la wizi lilifungwa, na lililofungwa hufunguliwa na aliyelipeleka. Aliyelipeleka alikuwa mlimani na wageni. Wageni walikuwa wengi mwaka ule, wote wakitaka kupelekwa ukingoni. Kando ya njia paliwekwa kibao kinachokataza kumgusa yule mpagazi na kumlisha. Pimbi walirudi.

Msimu ulipofunguliwa alimsindikiza kaka yake kwenye dirisha la ajira. Kijana wa dirishani alimsifu kaka mtu kifua, akamuuliza jina la baba, akasikitika.

"Nyumba yenu ina doa, ndugu yangu. Si mimi, ni utaratibu."

Kwenye dirisha la pili, la tiketi, wageni walikuwa wameshika ile kalenda. Mmoja akainama kuuliza kama yule mpagazi wa ukingoni yupo msimu huu, maana wametoka mbali.

Kijana wa ajira akawajibia kutoka kwenye dirisha lake.

"Yupo," akasema. "Tangu nianze kazi hapa, hajawahi kukosa hata siku moja."