Chaki ya Fundi

Fundi cherehani hakuwaamini wauguzi, na wauguzi wanaotabasamu ndio hakuwaamini kabisa. Tangu binti yake aliposhikwa na uchungu, mkunga wa hospitali ile alikuwa mtamu kupita kiasi. Mara "sogea karibu, mama", mara "msugue mgongo", mara mkwe analetewa kiti ili amshike mkewe mkono. Kiti! Enzi zake yeye alipojifungua, ndugu walibaki nje ya geti na ndoo zao wakisubiri habari.

"Siku hizi tunazalisha familia nzima," mkunga alisema akicheka. "Na mtoto haondoki humu ovyo. Kumpima, kumsafisha, kila kitu mbele ya macho yenu."

"Haya," Fundi akajibu, huku moyoni akisema, nyie watu mimi nawajua.

Adhuhuri mtoto alizaliwa, wa kike, mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Akalazwa kifuani kwa mama yake. Baba mtu, ambaye hata kuku akichinjwa hugeuza uso, alilia kumshinda mtoto. Fundi hakulia. Alikuwa kazini. Kila muuguzi aliyeingia alimsindikiza kwa macho mpaka anatoka. Mmoja alipoondoka na shuka lililokunjwa, Fundi alimsimamisha, akamwambia alikunjue. Muuguzi akalikunjua. Lilikuwa shuka tu.

Ndipo akafanya la kwake. Mfukoni hakukosa chaki ya bluu ya kuchorea vitambaa, maana kwenye karakana yake hakuna kitambaa kilichokaa bila alama, visije vikachanganyika. Mkunga alipogeuka kunawa mikono, Fundi aliilowesha chaki, akafunua mguu wa kushoto wa mtoto, akavipaka vidole, akafunika. Haya, mbadilisheni sasa tuone.

Haukupita muda, mkunga akaja kumpima mtoto. Alipovua soksi ya kushoto, tabasamu likakatika.

"Vidole vimekuwa vya bluu. Mbona mguu mmoja tu?" Akamwita mwenzake kwa sauti amtafute daktari. "Huyu lazima aende chumba cha watoto wachanga sasa hivi. Baba, twende wote, usimwache."

"Mwanangu ana nini?" Binti alijaribu kuinuka, akashindwa.

Mkunga alishambeba mtoto. Mkwe alisimama kumfuata. Fundi aliutazama mlango. Akisema, ataaibika mbele ya mkwe, na huenda wakamtoa nje. Asiposema, mtoto anavuka ule mlango, na aliyemfungulia ni yeye mwenyewe.

"Mrudishe!" akasema. "Si ugonjwa. Ni chaki yangu."

Mkunga akachukua pamba yenye maji, akafuta. Vidole vikatokea vyekundu, vizima kabisa.

"Mama!" binti akasema. "Kwa nini ufanye hivyo?"

"Wa kwanza walisema wanampeleka kuoshwa."

"Wa kwanza nani? Si ni mimi?"

"Kabla yako." Fundi alikuwa anaiangalia ile chaki kiganjani. "Waliniletea furushi la shuka, wakasema amefariki, nikazike. Wakanikataza kulifungua. Mimi, ninayefumua nguo za watu kila siku, sikulifungua. Mpaka leo sijui nilizika nini."

Mkunga alimrudisha mtoto kwa mama yake, akasogea kando.

Binti alimtazama mama yake, machozi yakimtoka. Hakumgombeza. Alimlaza mtoto mapajani, akaanza kumfunua: blanketi, shuka, kofia, soksi aliyokuwa amebakiwa nayo, mpaka akawa kama alivyozaliwa, akirusha mateke.

"Njoo, mama," akasema. "Mwangalie mpaka uchoke."

Fundi akainama, akaanzia kwenye vidole vya miguu.