Mbaya Asiyezomewa

Godoro alikuwa na uso usiofaa kazi yake. Mwili hakupunjwa: mabega kama mlango wa ghala, viganja kama sinia. Lakini juu ya mzigo wote huo ilikaa sura ya mtoto aliyetoka kuogeshwa, vishimo mashavuni, macho ya kucheka. Na kazi aliyopewa ilikuwa ni kuchukiwa.

Tuelewane kwanza. Godoro alikuwa mpigana mieleka, na mieleka yenyewe ilikuwa ya maonyesho. Nani atashinda hupangwa mapema, na wapiganaji hushikana kwa uangalifu, kama watu wanaohamisha kabati la vioo. Kazi iko kwingine: waliokaa vitini waamini. Kila pambano lina mwema na mbaya. Mwema ashangiliwe, mbaya azomewe. Mbaya asiyezomewa ni pilipili isiyowasha. Ya nini chunguni?

Shule ya chipukizi alikojifunza ilikuwa ndani ya karakana ya zamani ya magari, sakafu bado ina madoa ya oili. Ukutani, kando ya mlango wa bafu, palikuwa na misumari minane, mmoja chini ya mwingine, na kila msumari umeshika kibao chenye jina la mpiganaji. Kila Jumamosi baada ya onyesho, Kocha huvipanga upya. Kibao cha juu hutazamwa na kampuni kubwa, ile ya kwenye televisheni. Kibao cha chini, msimu ukiisha, hushushwa, mwenye jina akapewa aende nacho kwao.

Jumamosi tunayoisimulia ndiyo ilikuwa ya mwisho wa msimu. Kibao cha Godoro kilikuwa cha chini kabisa, kinagonga mpini wa fagio. Naye alikuwa ameacha kazi ya kupakia unga kinuni kwa ajili ya mieleka. Kule nafasi yake ilishapata mtu.

Kocha alikuwa mama mtu mzima aliyepigana zamani. Shingo yake haikugeuka tena, hivyo akitaka kukutazama hugeuka mwili mzima. Alimgeukia Godoro.

"Mwanangu, kuanguka unajua kuliko wote. Akurushaye huonekana jitu. Lakini wiki iliyopita ulimkanyaga mwenzio vidole, na mama mmoja akasema, 'Jamani, masikini, ameteleza.' Ameteleza! Sasa nikuweke wapi mimi?"

"Leo nitawatukana, Kocha. Nimekariri."

"Hebu nisikie."

"Nyinyi wote ni... ni watu wa hovyo. Samahani."

Kocha akageuka mwili mzima, akaenda zake.

Balaa la pili lilikaa mstari wa mbele, mkoba magotini: bibi yake aliyemlea. Kila Godoro akipanda ulingoni, bibi husimama na kupaza sauti, "Mume wangu huyo! Nimemnyonyesha uji huyo!" Ukumbi huvunjika mbavu. Nani atamzomea mume wa bibi kizee?

Jumamosi hiyo mpinzani wake alikuwa swahiba wake Umeme, kijana mwembamba mwenye kibao cha pili. Umeme ndiye aliyepangiwa kushinda. "Wakikuchukia wewe, nashangiliwa mimi," alimnong'oneza kabla hawajatoka. "Tafadhali, ndugu yangu, leo chukiza."

Godoro akapewa kipaza sauti. Akatazama zile nyuso. Matusi yote aliyoyakariri yakaruka kama ndege waliotupiwa jiwe.

"Sema, mzuri wetu!" mtu akapiga kelele. Watu wakacheka.

Nyumbani kwa bibi, watu wengi wakikaa mbele yako wakakungoja, kuna jambo moja tu la kusema. Likamtoka lenyewe:

"Kitendawili!"

"Tega!" ukumbi mzima ukaitika, hata mwamuzi.

"Nimebeba mzigo toka mbali, nikautua kwa mwenyewe, nikarudi nao."

"Konokono!"

"Mimba!"

"Mimba ukishaitua unarudi nayo? Umewahi kuzaa wewe?" mwanamke mmoja akamkemea aliyesema.

"Kivuli! Deni! Njaa!"

Godoro anatikisa kichwa tu, vishimo vimemjaa mashavuni. Bibi yake alikuwa ameuma mdomo. Kizee huyo hakuwa amewahi kushindwa kitendawili mbele za watu.

"Tumeshindwa! Mpeni mji!"

"Mji gani?"

"Chukua huu huu wetu, utuambie!"

Godoro akapokea mji kwa mikono miwili, kwa adabu, akafungua kinywa. Jibu lenyewe lilikuwa jepesi: habari. Ukishaifikisha kwa mwenyewe, bado unayo. Lakini kabla hajatamka, mgonga kengele, aliyechoka kungoja, akagonga. Umeme akaruka, akamkaba kichwa kwapani.

"Usiseme," akamnong'oneza.

"Nisiseme nini?"

"Jibu! Ukisema nakung'ata sikio. Sikiliza watu."

Godoro akasikiliza. Ilianza chinichini, kama maji yanayotaka kuchemka: jibu, jibu, jibu. Kisha sauti moja ikapanda. "Amechukua mji wetu halafu hasemi!"

"Mwizi!"

Godoro moyo ulimuuma. Kwa malezi yake, kuacha watu na kitendawili kilichoning'inia ni kukosa adabu kuliko kulala na viatu kitandani. Lakini kile kibao kilikuwa kinagonga mpini wa fagio. Akajichomoa, akaenda kwenye kamba, akainua kidole. Ukumbi ukanyamaza, watu wakainama mbele. Akafungua kinywa, akavuta pumzi.

Akakifunga. Akatabasamu.

Vile vishimo vilivyomponza msimu mzima, leo vilikuwa petroli juu ya moto. Paa la karakana lilitetemeka kwa kuzomea. "Mvunje, Umeme! Mkamue mpaka alitapike!" Umeme akamkunja mkono, mwamuzi akainama kuuliza kama anakubali kushindwa, na watu wakamfokea mwamuzi: "Muulize jibu kwanza!" Mwishowe akarushwa, akaanguka anguko zuri la kishindo, akabanwa mabega mpaka kengele. Umeme akabebwa juu kama bwana harusi.

Godoro akatoka amejiziba mdomo kwa viganja vyote viwili. Kiatu kikampiga mgongoni. Alikijua kiatu hicho, alikinunua mwenyewe.

"Mshenzi wewe! Ndivyo nilivyokulea?" ilikuwa sauti ya bibi.

Nusura apige magoti. Kocha, aliyesimama penye pazia, akasema kwa meno yaliyobanwa, "Tembea. Usigeuke. Tembea."

Baadaye wakasimama wote mbele ya misumari. Umeme akapanda juu kabisa. Kibao cha chini kikawa cha kijana mmoja mrefu, ambaye aliposhushiwa alikipangusa vumbi akasema mpira ndio alioutaka siku zote. Godoro akamshika mkono, asijue amwambie nini. Kibao cha Godoro, Kocha alikishika muda mrefu. Kisha akakitundika kwenye msumari wa tano.

"Kusema bado hujui," alisema. "Lakini watu wametoka hapa wanagombana juu yako. Msimu mpya unaanza Jumamosi. Usichelewe."

Bibi alikuwa nje kwenye kibaraza, mguu mmoja peku. Godoro akapiga magoti, akamvika kiatu.

"Shikamoo, bibi."

"Kaa na shikamoo yako."

"Nimebaki. Msumari wa tano."

Usoni mwa bibi furaha na hasira zilikuwa zinakabana, na hapa hakuna aliyepanga mshindi. "Haya. Hongera, mume wangu. Sasa lete jibu."

Godoro akatazama huku na huku, akasogeza kinywa kwenye sikio lake. Bibi akamsukuma uso.

"Koma! Wenzangu wote wamekwenda kulala hawajui, mimi nipitie mlango wa nyuma? Jumamosi nakata tiketi kama watu. Na nikilipata mwenyewe kabla, nasimama mbele yao nakunyang'anya mji."

Wakashika njia ya nyumbani, bibi amemshika mkono, midomo inamcheza.

"Mzigo... ukautua... ukarudi nao... Kikapu?"

"Siyo, bibi."

"Nyamaza. Sijakuuliza."