Mkono wa Sithabile

Sithabile alikuwa amefika katikati ya kichwa cha mteja, kwenye kibaraza cha saluni kule Yeoville, kaka yake alipopiga simu kutoka kwao Tsholotsho, ng'ambo ya mpaka. Walikuwa wamemshusha mama yao kaburini tangu asubuhi, ila kaburi lilikuwa halijai. Wanaume walishasukuma udongo wote ndani, wakaazima na wa shamba la jirani, na jeneza bado linaonekana. Sababu ilijulikana. Kila mtoto hutupa konzi ya udongo kwa mkono wake mwenyewe, na binti mkubwa ndiye huanza.

"Njoo tu, dada," alisema Mthokozisi. "Mama anakusubiri."

"Nikitoka sirudi. Unajua."

Alijua. Kibali cha Sithabile cha kuishi ugenini kilikuwa kimekwisha muda, kipya hakijatoka, na anayevuka mpaka akiwa hivyo hupigwa marufuku kurudi miaka mitano. Mwanawe, Lwazi, alikuwa darasa la tatu palepale Yeoville. Sithabile akaendelea kusuka, maana mteja alishaanza kujigeuzageuza kitini.

"Pole, dada'angu," alisema mteja. "Ila usiniache nusu kichwa."

Jioni aliung'oa mkono wake wa kulia kwenye kifundo. Ulitoka bila tabu, kama mfuniko wa sufuria. Akaupaka mafuta, akaufunga kwa kitambaa chake cha kichwa, akampelekea Ndumiso, dereva anayebeba mizigo ya watu kwenda nyumbani. Ndumiso aliupakia kati ya magodoro na ndoo za mafuta ya kupikia, akauliza kama unakula njiani.

Mpakani, ofisa alikagua magodoro, kisha mkono. Akauweka juu ya mashine ya alama za vidole.

"Huyu amepitiliza muda," alisema. "Miaka mitano."

Hakuwa mkali. Alitaka tu mtu wa kutia sahihi, na mkono ukatia wenyewe.

Tsholotsho walikuwa wamefunika shimo kwa mbao wakisubiri. Mkono ulichota udongo, ukatupa, na kaburi likajaa. Kisha watu wote wakanawa kwenye beseni moja, kama ifanywavyo baada ya maziko, na shangazi akaunawisha ule wa Sithabile kwanza, kidole kwa kidole. Yeoville, Sithabile alikuwa akikoroga uji kwa kushoto. Alihisi maji ya baridi, akaketi sakafuni akalia.

Ndumiso alijaribu kuurudisha mkono, wakamgeuza nao mpakani. Basi ukabaki kwa Mthokozisi, ambako humenya karanga na kupalilia kaburi. Sithabile husuka pamoja na Zodwa wa kiti cha jirani, huyu akishika nywele, yule akizungusha. Wateja wamezoea.

Mwaka uliofuata kibali kipya kilitoka. Alipokwenda kukichukua, karani alimwomba aweke vidole vya mkono wa kulia kwenye mashine. Sithabile akaeleza ulipo. Karani akatazama kompyuta yake, akasema pole, mkono huo hauruhusiwi kuingia nchini, na bila huo hawezi kumpa kibali. Akaita mtu mwingine.

Jioni Mthokozisi hupiga simu kutoka kaburini.

"Uambie mkono upapase pale kichwani pa mama," Sithabile husema, kisha hufumba macho, akangoja.

Udongo huwa bado una joto la mchana.